Barua ya wazi kwa wakubwa wa anga: masaa ya kiti cha kulia yanaenda wapi?

Wakubwa zangu, shikamooni.

Nawaandikia nyie wenye kampuni za ndege ndogo zinazoruka kutoka hapa Arusha, nyie mameneja mnaotupangia rosta, nyie wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wa Wizara ya Uchukuzi pia kama kuna mtu huko ana dakika kumi. Mi ni rubani wa Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja inayopeleka watalii porini, kapteni, nina miaka 38 na masaa zaidi ya 3,000 angani. Jina siweki na kampuni siitaji, na wala msihangaike kunitafuta, tupo wengi tunaosema haya haya, ila wenzangu wanayasemea pale kwenye kibanda cha chai Kisongo afu wakiona gari la bosi linaingia wanahamia kwenye Simba na Yanga.

Nataka kuongelea penseli.

Kuna dogo naruka naye. Alikuja na leseni ya biashara mpyaa, masaa 210, yaani amevuka kidogo tu ile 200 ambayo nchi nyingi zinaitumia kama mlango wa kuanza kulipwa kwa kurusha ndege (150 kama umesoma kozi moja iliyonyooka kwenye chuo kilichoidhinishwa). Akapewa kiti cha kulia, yaani cha rubani msaidizi. Sio kwamba Caravan yenyewe inamhitaji, hapana, Caravan tangu inatoka kiwandani imethibitishwa kuruka na rubani mmoja, na hiyo ni sababu mojawapo kampuni zinaipenda, injini moja, mshahara mmoja, siti nyingi. Anakaa kulia kwa sababu wakala wa Ulaya anayeleta wageni anataka kuona vichwa viwili mbele. Mgeni kalipa hela ya maana, hataki kusikia kwamba kapteni tumbo likimkamata juu ya Ngorongoro hakuna mwingine wa kushika usukani. Na mi nipo upande wa huyo wakala mia kwa mia, ningekuwa namlipia mama yangu ningetaka hivyo hivyo.

Sasa siku moja jioni tumeshafunga ndege, dogo amekaa kwenye kile kingazi cha mlango wa nyuma, logibuku, kile kitabu cha kuandikia masaa ya kuruka, iko magotini, anaandika. Nikachungulia. Safari zake zote za kiti cha kulia ameziandika kwa penseli. Zote! Nikamuuliza we dogo hii ni shule ya msingi? Logibuku inaandikwa kwa peni, kila mtu anajua. Akaniambia, kapteni, hakuna mtu amenijibu niziweke kwenye mstari gani, ofisini nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu, mmoja kasema andika zote, mmoja kasema nusu, mmoja kasema we ni abiria tu mwenye sare. Kwa hiyo naweka penseli nikisubiri.

Alikuwa na masaa 640 ya penseli.

Wakubwa, hebu tupige hesabu pamoja maana hapa ndo penye moyo wa barua yangu. Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago, kile cha leseni, ambacho ICAO, shirika la dunia la usafiri wa anga, ndo inakisimamia na nchi yetu ni mwanachama, kinasema hivi: rubani msaidizi kwenye ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja, lakini nchi husika imetaka iruke na wawili, anahesabiwa masaa yake yasizidi nusu akiwa anatafuta leseni ya juu. Nusu. Na leseni ya juu, ile ya urubani wa mashirika, inataka masaa 1,500. Kwa hiyo dogo wangu mwenye 210 za shule na 640 za kulia, ukimpa zote ana 850, ukimpa nusu ana 530, na kama aliyemweka pale kulia ni wakala wa utalii tu na sio nchi, basi mtu mkali anaweza kumwambia bado ana 210 zake zile zile alizotoka nazo chuoni, yaani karibu miaka miwili ya kuamka usiku haipo.

Ila kifungu hakiishii hapo, na hiki kipande cha pili sijui kwa nini hakiongelewi kwenye vikao vyetu. Kinasema nchi inaweza kuruhusu masaa hayo yahesabiwe YOTE, kama ndege ina vifaa vya kurushwa na rubani msaidizi na inarushwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Basi! Caravan ina usukani upande wa kulia, ina pedali, ina vipimo vya kusoma huko, kwa hiyo sharti la kwanza lipo hata leo asubuhi. La pili ni karatasi: kampuni iandike utaratibu wa watu wawili, nani anarusha nani anasoma orodha ya ukaguzi, nani anaongea redioni, nani ana haki ya kusema "tuache kutua turudi juu", wafundishwe, Mamlaka ikague na ipitishe. Huo mlango upo, wa kuufungua ni nyie wawili mkikaa meza moja, mwenye kampuni na Mamlaka. Na kama imeshaandikwa mahali fulani basi itolewe hadharani ili dogo achukue peni.

Msidhani nasemea madogo peke yao. Mi mwenyewe nimeliwa na jambo hilo hilo kutokea upande wa pili. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye usaili, ndege kubwa zaidi, injini mbili, marubani wawili. Nimevaa shati nimepiga pasi mwenyewe, nimebeba logibuku tatu. Yule mzee aliyekuwa ananihoji, mtu mwema tu wala hakuwa na kiburi, akafunua kurasa akafika mwisho akaniuliza, kijana, una masaa mangapi ya kuruka na mwenzako? Nikamwambia miaka minne nimekaa na mtu kulia kwangu karibu kila siku. Akasema ndiyo, lakini hao watu hawapo kwenye karatasi. Akafunga logibuku taratibu akanirudishia kwa mikono miwili. Nilitoka pale nikapanda kifodi hadi Sakina sikuongea na mtu.

Mimi kwa karatasi nimeruka miaka yote hiyo peke yangu, na mwenzangu kwa karatasi hakuwepo.

Nirudi nyuma kidogo muelewe hela yenyewe ilitoka wapi. Kwetu ni Kibosho. Mzee wangu aliuza shamba la chini, lile la mahindi kule tambarare, kihamba, lile shamba la ukoo pale nyumbani, hakukigusa maana kihamba hakiuzwi, angekiuza hata marehemu babu angemtokea usingizini. Shamba likalipa kama nusu, nusu nyingine ni shangazi, kanisa, na baba mdogo aliyekuwa na duka Moshi mjini. Nikaenda Afrika Kusini, jumla ikapita dola 40,000 na nilikuwa nabana mpaka ugali. Mpaka leo nikienda nyumbani Desemba, tukikaa na mbege pale, kuna mzee lazima aulize, "hivi wewe ile ndege kubwa bado?" Na mzee wangu ananyamaza anaangalia chini. Mnaojua Uchagani Desemba mnaelewa, gari ulilokuja nalo linaongea kuliko wewe.

Afu nikaanza kazi nikakuta bondi. Labda wasomaji wengine hawajui, bondi ni hivi: kampuni inakufundisha aina ya ndege yake, inakwambia mafunzo yamegharimu kiasi fulani, unasaini kwamba hutaondoka ndani ya miaka kadhaa, ukiondoka unalipa. Kimsingi sina ugomvi nayo, mtu hawezi kukufundisha Jumatatu ukahama Ijumaa. Ugomvi wangu ni kwamba ile niliyosaini mimi ilikuwa miaka mitatu na deni lilikuwa halipungui, ukiondoka mwezi wa pili au mwezi wa thelathini na tano unalipa ile ile yote. Hiyo sasa inakuwa kama kamba ya mbuzi. Nilipouliza naweza kupata mchanganuo wa hicho kiasi, mafuta shilingi ngapi, mkufunzi shilingi ngapi, niliangaliwa kama nimetukana. Igawanyeni kwa miezi, kila mwezi ninaofanya kazi deni lipungue, ni hesabu ya darasa la tano.

Kupanda cheo ndo usiseme. Siku moja tunaambiwa hakuna nafasi ya ukapteni mpaka msimu ujao, wiki tatu baadaye tunakuta mtu amepewa, na tulipouliza vigezo ni vipi tukaambiwa "uongozi umeona anafaa". Inawezekana kweli anafaa! Sijasema hafai. Lakini sisi kumi tuliobaki hatujui tunakosa nini, ni masaa, ni mtihani, ni tabia, ni kwamba hatunywi kahawa na mtu fulani. Mtu akishakaa hivyo miaka miwili anaanza kutafuta mlango, na nyie mnabaki kulalamika vijana hawana uaminifu.

Marekani kule kwenye mashirika yao ya mikoani, ambayo ni kama sisi ila wenyewe wana majeti madogo, kila kitu kinafuata orodha moja ya tarehe ya kuajiriwa. Aliyetangulia kuingia ndo anatangulia kuchagua kituo, likizo, ndege, ukapteni. Ina ubaya wake, ukihama kampuni unaanza mkiani hata kama una mvi, na mvivu aliyewahi kuingia anampita hodari aliyechelewa. Sitaki tuige nzima nzima. Ila lipo jambo moja zuri pale, mtu anajua yuko wa ngapi. Na baadhi ya mashirika hayo madogo yanamilikiwa na mashirika makubwa, wana makubaliano ya maandishi kwamba rubani wa huku akifikisha sifa anavuka kwenda kule bila kuanza kubembeleza upya. Sisi hapa tuna Air Tanzania ambayo tangu 2016 imeingiza Q400 za propela, kisha Airbus A220, Boeing 787 na 737 MAX, marubani wanatakiwa, na huku porini kuna watu wanatua kwenye vumbi na upepo wa pembeni kila siku ya Mungu. Kati ya huku na kule kungekuwa na daraja la maandishi, kwamba kapteni wa Caravan mwenye masaa kadhaa na utaratibu wa watu wawili uliokaguliwa anaruhusiwa kufanya mtihani wa kuingia. Mtihani tu, sijaomba kupewa kazi.

Sasa kuhusu uchovu, na hapa naomba mnivumilie nieleze siku moja yote maana mkisikia "masaa manne angani" mnadhani tunakula bata.

Agosti, siku ya kawaida. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, baridi ya Arusha mnaijua. Saa kumi na mbili nimesaini kuingia kazini. Tumeruka Manyara, tumeshusha wawili, tukaenda Seronera ndani ya Serengeti, tukaenda Kogatende kule juu karibu na mto Mara. Kogatende tunatakiwa kuchukua familia ya watu sita na kurudi Arusha. Familia haipo. Nyumbu walikuwa wanavuka mto na wageni wamekataa kuondoka, na dereva wao atawavutaje wakati ndo kitu walichofuata huku? Tukasubiri saa moja na dakika arobaini. Hakuna jengo, kuna mti. Dogo akaenda kumwomba dereva mwingine apitishe Land Cruiser kwenye kiwanja awafukuze pundamilia waliokuwa wamesimama katikati kama wanangoja basi.

Familia imefika, inakaribia saa saba mchana, jua limeshakolea. Sheria ya mzigo ni kilo 15 na begi laini, wao wana masanduku magumu mawili, yale ya magurudumu. Mizani haipo, napima kwa mkono, nimebeba mabegi miaka kumi mkono wangu haukosei kilo mbili. Sanduku moja lilikuwa na kilo ishirini na kitu. Sasa hapo lazima muelewe, kiwanja kiko juu kutoka usawa wa bahari, joto limepanda, hewa imekuwa nyepesi, propela inashika hewa kidogo na bawa nalo hivyo hivyo, ndege inataka kukimbia mbali zaidi kabla haijanyanyuka, na hii yetu ni ya zamani, nguvu za farasi 675, sio ile EX yenye 867. Nikasema masanduku mawili yanabaki yatakuja na ndege ya jioni. Baba wa familia akawaka. Nani anajadiliana naye? Mimi. Nani anapakia? Mimi na dogo. Nani baada ya dakika tano anatakiwa awe ametulia moyo anakimbiza ndege kwenye changarawe? Huyo huyo.

Tukafika Arusha, sijanywa hata chai, simu ya ofisi: nendeni KIA kuna wageni wameunganisha ndege wamechelewa, wapelekeni Manyara mrudi kabla giza halijaingia. Tukaenda. Saa moja jioni ndo nimesaini kutoka kazini. Kutua mara saba. Kwenye logibuku siku hiyo inasomeka masaa matatu na dakika hamsini na tano. Kazini nilikuwa masaa kumi na matatu. Na rosta ya kesho yake inasema ripoti saa kumi na mbili asubuhi, toa hapo barabara, kula, kuoga, mtoto anataka umwangalie madaftari, unabaki na usingizi wa kuibia.

Ulaya na Marekani dari la kuruka ni masaa 100 ndani ya siku 28. Kwa ndege kubwa ya kwenda mbali hiyo dari ina maana kubwa kwa sababu mtu akiwa kazini muda mwingi yuko angani. Kwetu huku mtu anaweza kuwa na masaa 75 kwa mwezi, kwenye karatasi anaonekana amepumzika vizuri, na kumbe ametua mara mia moja thelathini na amebeba mabegi tani kadhaa. Hesabuni muda tangu mtu anaposaini kuingia mpaka anaposaini kutoka, na hesabuni kutua. Sheria ya muda wa kazi ipo, tunaijua, tatizo ni mtu akishajaza fomu kwa namna ya kuipendeza. Nimewahi kuambiwa "andika ulianza saa moja, si ulikuwa unasubiri tu?" Kusubiri chini ya mti Kogatende ukiwa na sare na abiria wa watu ni kazi.

Mnakumbuka ajali ya Colgan Air, Februari 12, 2009, karibu na Buffalo, Marekani? Ilikuwa Q400, ndugu wa hizo hizo mnazoziona zikitua KIA. Walikufa watu 50, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake chini. Chanzo kilichoandikwa ni kwamba kapteni aliitikia vibaya onyo la ndege kuishiwa mwendo, alivuta badala ya kushusha pua. Lakini wachunguzi walipofukua wakakuta rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kama abiria kutoka Seattle kuja kuanza kazi, mshahara wake mdogo usiomruhusu kupanga karibu na kituo, na kapteni naye alikuwa amelala kwenye chumba cha kupumzikia cha wafanyakazi. Wakasema uchovu inaelekea uliwaathiri wote wawili, ingawa kiasi gani hakikuweza kupimwa. Bunge lao likatunga sheria 2010, tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika naye kwa kawaida anatakiwa awe na masaa 1,500, na tangu Januari 2014 mapumziko kabla ya zamu ni masaa kumi, ndani yake nafasi ya kulala masaa manane bila kukatwa.

Mi nina maoni yangu hapo, hao wasaidizi waliowekewa masaa 1,500 wamelipia kosa ambalo halikuwa lao. Kapteni yule alikuwa na masaa 3,379 na msaidizi 2,244, wote wameshavuka. Kilichowapungukia ni usingizi na mafunzo ya jambo lile moja, sio namba. Ila sheria ya masaa ilifanya kitu kingine ambacho hakikupangwa, marubani wakawa adimu, na ilipofika 2022 yale mashirika madogo yakapandisha mishahara kwa kishindo kwa sababu ndege zilikuwa zinalala chini kwa kukosa watu. Nawaambia hivi sio kwa vitisho. Vijana wetu wanaondoka tayari, Nairobi, Ghuba, popote, na anayeondoka ni yule mliyemfundisha kutua Kogatende.

Kuna watu watadhani naandika haya kuwasema marubani wa kigeni. Hapana. Aliyenifundisha kusoma mawingu ya Ngorongoro asubuhi ya Julai, yakiwa yamelalia ukingo kule juu zaidi ya futi 7,000 na wewe unatafuta kitobo cha kupita, alikuwa mgeni, na nikimwona leo namnunulia nyama choma. Tatizo ni pale mgeni mwenye masaa kama ya dogo anawekwa kushoto na dogo anabaki kulia, na hakuna karatasi inayoeleza kwa nini.

Vimebaki viwili vidogo. Masika, Aprili na Mei, kambi zinafunga, viwanja vinakuwa tope, na sisi tunaolipwa sehemu kubwa kwa saa tunaishi kwa mkopo wa duka. Wekeni kiwango cha chini cha saa za kulipwa kwa mwezi, hata kiwe kidogo, mtu ajue ada ya mtoto inatoka. Na vipimo vya afya: kwa kanuni za ICAO rubani anayebeba abiria peke yake akivuka miaka 40 anapimwa kila miezi sita badala ya kumi na miwili. Mi nakaribia. Nani analipa hicho cha pili? Kama ndege inaruka na watu wawili kwa utaratibu wa watu wawili, hilo nalo linabadilika, na wazee wetu kwenye safari za biashara za kimataifa wanaruhusiwa mpaka 65 badala ya kuishia 60. Mnaona jinsi kiti cha kulia kinavyorudi tena? Kila kona nikigeuka nakikuta kimekaa pale.

Kwa hiyo nyie wa Mamlaka, naomba waraka mmoja unaosema lini masaa ya kulia kwenye Caravan ni yote, lini ni nusu na lini ni sifuri, na kampuni ifanye nini ili yawe yote. Wenye kampuni, andikeni huo utaratibu na mpeleke ukakaguliwe, mawakala wenu wa Ulaya watawapigia makofi na pengine bima nayo ikawasikiliza. Bondi ipungue kila mwezi. Na karatasi ya kupanda cheo, majina kwa tarehe ya kuingia na vigezo chini yake, ibandikwe pale karibu na mizani ya mabegi, wote tunapita pale kila asubuhi na kuna nafasi, kalenda ya mwaka juzi bado inaning'inia.

Dogo ameniambia penseli imefika masaa 700 juzi. Kesho tuko naye Seronera, ripoti saa kumi na mbili, wacha nikalale.

Kapteni wa Caravan,
Arusha